Mbwa wa Kienyeji wa Kitale na Bungoma: Asili, Umbo na Jamaa Zake wa Mbali

Nchi inayoanzia Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, ikapita Kiminini, Kimilili na Chwele hadi mji wa Bungoma, na ambayo upande mmoja huinukia kwenye miteremko ya Mlima Elgon, husifika kwa mahindi, maziwa na miwa. Kwa kipimo cha historia, baadhi ya mazao hayo ni ya juzi tu, kwa kuwa mahindi yalitoka bara la Amerika, na kilimo kikubwa cha miwa katika eneo la Bungoma hakikushika kasi hadi kiwanda cha sukari cha Nzoia kilipoanzishwa katika miaka ya 1970. Mnyama anayelala mlangoni pa jiko katika maboma ya eneo hilo ametangulia hayo yote mawili. Huyo ni mbwa wa kienyeji, ambaye Wabukusu humwita embwa, na ambaye kwa kawaida hutajwa kwa yale asiyokuwa nayo: hana bei ya maana sokoni, hana cheti cha ukoo, wala hana chama kilichokaa kikao kuamua masikio yake yasimame vipi. Hata hivyo, tangu wataalamu walipoanza kuichunguza DNA ya mbwa, yaani ile kemikali ya urithi inayopatikana ndani ya kila seli, mbwa wa vijijini wa Afrika Mashariki wameonekana kubeba sehemu ya historia ambayo mbwa wengi wenye vyeti hawana.

Kimo chake ni cha wastani, kifua kimeshuka, kiuno ni chembamba, na miguu ni mirefu kuliko ambavyo mtu angetarajia kwa mwili mdogo kama huo. Manyoya ni mafupi na hulala mwilini, hivyo kupe huonekana na kung'olewa kwa urahisi. Rangi aghalabu ni kahawia ya udongo, nyeusi, nyeupe au mchanganyiko wake, na weupe hutokea zaidi kifuani, vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Masikio husimama wima au hukunjika kidogo nchani, na mkia huinuka na kupinda kama mundu. Ni nadra kufungwa mnyororo, na kwa hiyo mpaka wa boma anaujua kwa kuuzunguka. Mchana hulala kivulini chini ya ghala la mahindi, jioni humfuata mtoto anayerudisha ng'ombe, na usiku hubweka mtu akiwa bado yuko njiani. Jike hachaguliwi dume. Watoto wakishaacha kunyonya hugawiwa ndugu na majirani, mara nyingi kwa malipo ya ishara tu, na madume huchukuliwa kwanza kwa sababu mwenye boma hataki mzigo wa jike atakayezaa tena mwakani. Huo uchaguzi mdogo, pamoja na uchaguzi mkali zaidi unaofanywa na magonjwa na njaa, ndio ulinzi pekee wa umbo lake.

Ili kuelewa kwa nini mbwa huyo hahesabiwi kuwa aina maalumu, inafaa kutazama mahali ambapo mbwa wa namna hiyo hiyo alipata kuhesabiwa. Mashariki mwa Thailand, katika mikoa ya Rayong, Chanthaburi na Trat, waliishi mbwa wa wakulima na wawindaji ambao walilinda nyumba, walifuatana na mikokoteni na walikimbiza wanyama wa porini, na ambao kwa muda mrefu hawakuchanganyika sana na mbwa wa kutoka nje kwa sababu njia za kufika huko zilikuwa mbovu. Wengi wao walikuwa na mstari wa manyoya mgongoni uliolala kinyume, ukielekea kichwani badala ya mkiani. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji wa Thailand waliwakusanya, wakaandika sifa zao, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, lijulikanalo kwa herufi FCI na lenye makao yake nchini Ubelgiji, likamkubali kwa muda mbwa huyo chini ya jina la Thai Ridgeback. Ukubalifu kamili ukafuata mwaka 2003. Kigezo chake, yaani maandishi yanayoeleza mbwa kamili wa aina hiyo anapaswa kuwaje, kinataja manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, ulimi mweusi au wenye madoa meusi, na rangi nne: nyekundu, nyeusi, buluu ya kijivu, na kahawia hafifu sana. Ukiondoa mstari wa mgongoni na ulimi, maelezo mengi yangemfaa mbwa wa Sirisia au Endebess. Kilichomtenga mbwa wa Thailand ni mambo mawili yaliyokuja kwa mfuatano, kwanza upweke wa jiografia, kisha daftari la ukoo.

Upweke huo mbwa wa Elgon hakuupata kamwe, na hadithi yake kwa sehemu kubwa ni hadithi ya njia na wapitaji.

Mbwa wa kufugwa hakuzaliwa Afrika. Babu yake ni mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia, ambaye alianza kuishi na binadamu si chini ya miaka 15,000 iliyopita, na wanyama wa jamii ya mbwa walioko Afrika Mashariki, kama bweha, ni binamu tu. Hata mbwa mwitu wa Afrika mwenye madoadoa, ambaye zamani alizunguka nyanda nyingi za Kenya, yuko mbali naye kiukoo kiasi kwamba hawawezi kuzaa pamoja. Ushahidi wa wazi uko mguuni, kwa kuwa mbwa mwitu huyo ana vidole vinne katika mguu wa mbele, ilhali mbwa wa nyumbani ana vinne vinavyokanyaga na cha tano kinachoning'inia juu ya kiganja. Kwa hiyo kila mbwa aliyebweka Bungoma kabla ya walowezi Wazungu kuja alitokana na mbwa waliovuka kutoka Asia ya Magharibi. Uchunguzi wa DNA ya mifupa ya mbwa wa kale, uliotolewa mwaka 2020 na kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali waliosoma mbwa 27 wa zama zilizopita, ulionyesha kuwa mbwa wa Afrika wa leo, ukiondoa mchanganyiko wa karibuni, wanafanana zaidi na mbwa aliyeishi katika nchi za Mashariki ya Kati yapata miaka 7,000 iliyopita.

Nchini Misri mabaki ya mbwa yamepatikana Merimde Beni Salama, kijiji cha wakulima wa kwanza wa bonde la Nile, na nchini Sudan mbwa walizikwa pamoja na watu na kondoo katika makaburi ya Kerma, ufalme uliostawi kati ya takriban mwaka 2500 na 1500 kabla ya Kristo. Kuelekea kusini mwendo ulipungua. Mwanaakiolojia Peter Mitchell wa Chuo Kikuu cha Oxford ametoa hoja kwamba kilichowachelewesha mbwa kuingia Afrika ya kusini mwa Sahara ni magonjwa ambayo miili yao haikuwa na kinga nayo: nagana na malale yanayoenezwa na mbung'o, homa za kupe, na kala-azar inayoenezwa na usubi. Hoja hiyo inaaminika zaidi kwa mtu anayeitazama ramani ya magharibi mwa Kenya, kwa sababu eneo linalozungumziwa limezingirwa na magonjwa hayo pande zote. Kaskazini, ng'ambo ya Kapenguria, na mashariki, kala-azar haijaisha Pokot Magharibi na Baringo. Kusini na magharibi, kwenye vichaka vya mito inayoshuka Busia na Teso kuelekea Ziwa Victoria, mbung'o wameishi muda wote, na mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika ufuko wa ziwa upande wa Uganda na maeneo ya jirani. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya karibu karne moja baadaye ulikuta vimelea vya malale vinavyowadhuru binadamu ndani ya damu ya mbwa, na watafiti wakapendekeza mbwa achukuliwe kama mlinzi wa aina nyingine: akianza kuugua, akapoteza uzito na macho yake yakaingia ukungu mweupe, kijiji kijue kwamba ugonjwa umo karibu.

Mbwa waliovuka kizuizi hicho wakaendelea kuzaa hawakuwa mbwa wa kubahatisha. Mwaka 2018 watafiti waliosoma DNA ya mbwa wa kienyeji wa Nigeria waliona dalili za uchaguzi wa asili, yaani kuenea kwa tabia zinazomsaidia mnyama kuishi na kuzaa, katika jeni zinazohusika na kinga dhidi ya vimelea vya nchi za joto. Mfugaji wa Chwele hahitaji maabara ili kuuona upande wa vitendo wa jambo hilo, kwa kuwa mbwa wa kigeni akiletwa kijijini bila dawa ya kupe huugua homa, fizi zake hugeuka nyeupe, na wengi hufa kabla ya mwaka kwisha, wakati mbwa wa jirani mwenye kupe wale wale anaendelea na shughuli zake.

Upande wa chakula nao una historia yake. Mbwa mwitu wa kijivu humeng'enya wanga kwa shida, lakini mbwa wa jamii za wakulima wamerithi nakala nyingi zaidi za jeni iitwayo AMY2B, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga, na jambo hilo, lililoelezwa na watafiti wa Sweden mwaka 2013, lilikuja kuonekana pia kuwa hafifu kwa mbwa wa jamii zisizolima, kama dingo wa Australia. Mbwa wa Bungoma ameishi kwa ukoko wa ugali wa wimbi na mtama kabla ya mahindi kufika, pamoja na mifupa, vichwa vya omena na chochote anachojitafutia jalalani. Nyama kamili ni bahati ya siku ya sherehe.

Wapitaji wenyewe walikuja kwa vipindi. Wakulima wa Kibantu wenye vyuma na vyungu vya mtindo wa Urewe, uliopewa jina la mahali palipo Siaya, walienea pembezoni mwa Ziwa Victoria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nao wafugaji waliokuwa mababu wa Wakalenjin walishuka kutoka kaskazini. Katika nyanda za Trans Nzoia na Uasin Gishu bado yanaonekana mashimo ya mviringo yaliyochimbwa mlimani, yanayonasibishwa na Wasirikwa, ambamo ng'ombe walilazwa usiku nyuma ya lango jembamba. Baadaye Wabukusu walijenga vijiji vyenye kuta nene za udongo na handaki, kwa sababu ya uvamizi wa wezi wa mifugo kutoka pande kadhaa, na msafiri Mskoti Joseph Thomson, aliyefika chini ya Mlima Elgon mwishoni mwa mwaka 1883, aliwakuta watu wa nchi hiyo wakiishi ndani ya maboma yenye ngome, na wengine juu zaidi wakikaa na ng'ombe wao mapangoni. Katika makao ya namna hiyo, ambapo adui huja gizani na lango ni moja, thamani ya mnyama anayesikia kabla ya mtu kusikia ni rahisi kuifahamu. Ngome hizo zilivunjwa mwaka 1895, wakati jeshi la Waingereza chini ya C. W. Hobley, likiwa na askari Wasudani, Waganda na wasaidizi wengine, lilipowashambulia Wabukusu Lumboka na kisha Chetambe, karibu na Webuye ya leo. Baada ya hapo watu walitawanyika wakajenga boma moja moja, na mbwa aliyekuwa akilinda kijiji kizima akawa mlinzi wa nyumba moja.

Uwindaji ulikuwa kazi yake ya pili, na kwa baadhi ya jamii ulikuwa ya kwanza. Waogiek wanajulikana katika misitu ya nyanda za juu za Kenya kwa ustadi wa kuwinda kwa mbwa, wakiwatumia kumzuia mnyama mahali pamoja hadi mwenye mkuki afike. Wabukusu na Wasabaot waliwinda paa, nungunungu na sungura kwa makundi ya vijana na mbwa wao. Ukali ulitengenezwa, au angalau iliaminika hivyo: imani iliyoenea sehemu nyingi za Kenya husema kwamba mtoto wa mbwa akilishwa pilipili au nyigu hukua mkali, na bado wapo wanaoifuata ingawa matokeo yake makubwa ni tumbo la mnyama kuuma. Kazi hiyo ya uwindaji ilibanwa kwanza na sheria za wanyamapori za wakoloni, kisha na kutangazwa kwa Mlima Elgon kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na hatimaye ikafungwa na marufuku ya uwindaji ya mwaka 1977, ambayo haijaondolewa.

Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyofika Mumias katika nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta mtazamo mwingine, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi'i mate ya mbwa ni najisi nzito na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mtazamo huo ulimtoa mbwa ndani ya nyumba za Waislamu wa miji midogo, lakini haukumtoa bomani, kwa maana mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ameruhusiwa katika mafundisho yale yale.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja na walowezi. Ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa wakulima Wazungu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na hasa baada yake, askari wa zamani walipopewa mashamba kuanzia mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mwaka huo huo Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake ya viumbe na vitu vya kale, ambayo leo ni Makumbusho ya Kitale. Walowezi walikuja na mbwa wao wa kuwindia, wa kuchungia kondoo na wa kulinda, kila mmoja na jina la aina yake, na kwa mara ya kwanza mbwa wa eneo hilo wakagawanyika katika madaraja mawili: wenye ukoo ulioandikwa, na wale walioitwa mbwa wa shenzi. Kichaa cha mbwa, kilichothibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912 katika mbwa wa viungani mwa Nairobi, kiliupa mgawanyiko huo nguvu ya sheria. Sheria ya kichaa cha mbwa iliwapa maofisa mamlaka ya kuamuru mbwa wafungwe na wazururaji wauawe, na aliyekamatwa akizurura kwa kawaida alikuwa mbwa ambaye kuzurura ndiyo namna yake ya kuishi.

Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo jamaa wa karibu wa mbwa aliyedharauliwa Kitale alikuwa akitafutwa kwa gharama kubwa London. Magharibi ya Uganda, katika misitu na nyika za kaskazini-mashariki mwa Kongo na kusini mwa Sudan, Wazande na majirani zao walifuga mbwa mdogo mwekundu, mwenye masikio ya wima, mikunjo ya ngozi kwenye paji la uso na mkia uliojiviringa mgongoni, ambaye habweki kwa kawaida bali hutoa sauti inayopanda na kushuka. Kwa sababu hasikiki akiwa windoni, wawindaji walimvika shingoni kengele ya mti, yenye vipande vya mti ndani yake, ili wajue alipo kwenye nyasi ndefu. Msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, aliandika habari za mbwa hao na kengele zao. Wawili walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1895 wakafa kwa distemba, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, tumbo na ubongo. Sita waliochukuliwa kutoka Sudan na Lady Helen Nutting mwaka 1923 walikufa pia baada ya kudungwa chanjo ya ugonjwa huo huo, iliyokuwa bado changa. Olivia Burn alifanikiwa mwaka 1936, na mbwa wake walipoonyeshwa Crufts mwaka 1937 umati uliofika kuwaona mbwa wasiobweka ulikuwa mkubwa mno. Mbwa hao wakapewa jina la Basenji.

Basenji wa daftarini ana kimo cha takriban sentimita 43 kwa dume na 40 kwa jike, uzito wa kilo 10 hadi 11, na hujisafisha kwa kujilamba mwili mzima. Jike wake hupata joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi hupata mara mbili. Katika mpangilio wa FCI amewekwa kundi la 5, linalojumuisha mbwa wa namna ya kale, na humo humo ndimo alimowekwa Thai Ridgeback.

Je, daftari husema kweli kuhusu asili? Jibu lilikuja mwaka 2009, wakati Adam Boyko na wenzake walipochapisha uchunguzi wa DNA ya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda, nchi ambayo mpaka wake unapita juu ya Mlima Elgon, walionekana kwa sehemu kubwa kuwa wazao wa mbwa wa kale wa Afrika. Basenji naye alikaa pamoja na mbwa wa vijijini wa eneo alikotazamiwa kutoka, kwa hiyo daftari lake lilisema kweli. Lakini mbwa wawili wanaouzwa duniani kwa sifa ya uafrika, yaani yule anayeitwa mbwa wa Farao na Rhodesian Ridgeback aliyetukuzwa kama mbwa wa simba, walikutwa wengi wa mababu zao wametoka nje ya Afrika. Kwa kipimo hicho, mbwa asiye na jina anayelala chini ya ghala katika kijiji cha Uganda ni Mwafrika zaidi kuliko mbwa wa simba mwenye cheti. Na kwa kuwa vijiji vya upande wa Kenya vina watu wa koo zile zile na masoko yale yale, hakuna sababu ya kudhani kwamba mbwa wa Cheptais wana asili tofauti na wenzao wa Mbale.

Rhodesian Ridgeback anastahili kutazamwa kidogo zaidi, kwa sababu ndiye kiungo kati ya Afrika na Thailand. Katika rasi ya kusini mwa Afrika, Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye mstari ule ule wa manyoya yaliyolala kinyume mgongoni. Walowezi waliwazalisha na mbwa wakubwa wa Ulaya, mwindaji Cornelius van Rooyen akawatumia dhidi ya simba katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na kigezo chao kikaandikwa Bulawayo mwaka 1922. Damu ya Ulaya ikazidi, ila mstari ukabaki, kwa sababu ndio uliochaguliwa. Mwaka 2007 wanasayansi wa Sweden na wenzao waligundua chanzo chake: kipande cha DNA chenye herufi 133,000 hivi, kilichobeba jeni tatu za ukuaji ziitwazo FGF3, FGF4 na FGF19, kimejirudia mara mbili. Mbwa aliyerithi kipande hicho kilichojirudia kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata mstari. Aliyerithi kutoka kwa wote wawili hupata mstari pia, lakini yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na tundu jembamba la ngozi linalozama kuelekea uti wa mgongo na kuingiza vijidudu. Kosa hilo la kunakili lilikutwa kwa Ridgeback wa kusini mwa Afrika na kwa yule wa Thailand vilevile. Pembe mbili za Bahari ya Hindi, kwa hiyo, zilipata alama moja kutoka kwa babu mmoja wa zamani, naye mbwa wa kawaida wa Bungoma hana alama hiyo.

Kuna bei inayolipwa kwa upweke wa daftari. Mbwa wengi wa Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache waliosalimika safari za miaka ya 1930 na 1940, pamoja na wachache wa baadaye kama jike aitwaye Fula, aliyeletwa kutoka Sudan ya kusini na Veronica Tudor-Williams mwaka 1959. Ndugu walipozalishwa na ndugu, magonjwa yaliyokuwa yamejificha yakajitokeza, hasa ule wa figo uitwao Fanconi, ambamo sukari na protini zinazohitajika mwilini hupotelea kwenye mkojo hadi mnyama anakonda huku akila; kipimo cha kwanza cha DNA cha ugonjwa huo kilitolewa na Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2007. Wafugaji wa Marekani waliona dawa iko kule kule walikotoka mbwa. Mwaka 1987 na 1988 baadhi yao walisafiri hadi kaskazini-mashariki mwa Zaire, yaani Kongo ya leo, wakazunguka vijijini, wakachagua watoto wa mbwa kwa macho na kwa maelezo ya wenyeji, na mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake kuwaingiza wageni hao, baadhi yao wakiwa na mistari myeusi juu ya wekundu ambayo mbwa wa daftarini hawakuwa nayo. Daftari likafunguliwa tena kwa muda mwaka 2009. Mbwa ambaye jana yake alikuwa akila mabaki kwenye kijiji cha Wazande akawa, kwa saini chache, mbwa wa aina adimu.

Kitale na Bungoma mambo yamekwenda kwa upande wa pili. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi yaligawanywa, na mbwa wao, waliobaki au waliouzwa, wakaingia vijijini pamoja na wajukuu wa mbwa wa polisi. Miaka ya karibuni mahitaji ya ulinzi mijini yameongeza mbwa wa Kijerumani na chotara wake, hivyo Kitale mjini na kwenye viunga vya Webuye ni kawaida kumwona mbwa mwenye mgongo mweusi, manyoya marefu ya shingo na mkia unaoning'inia, ilhali ukipanda kuelekea Kapsokwony mbwa wenye mkia wa kupinda na manyoya mafupi huongezeka tena. Mchanganyiko huo hauna msimamizi, na kadiri barabara zinavyotiwa lami ndivyo unavyopanda mlima. Mtu anayetaka mbwa mkubwa hulipia chotara, wakati mbwa wa kienyeji hupatikana bure, na kitu cha bure si rahisi kutunziwa ukoo.

Serikali inamtazama mbwa huyo zaidi kwa sababu ya kichaa. Mpango wa taifa wa kutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu, uliowekwa kwa kipindi cha 2014 hadi 2030, unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa kinatosha kukata maambukizi, na kwa hiyo maofisa wa mifugo wa kaunti huitisha siku za chanjo kwenye josho, shuleni au uwanja wa chifu. Watoto huwaleta mbwa wakiwa wamefungwa kwa kamba ya katani au kitambaa, wengine wakivutwa kwa sababu hawajawahi kufungwa, na kila mmoja huandikiwa kadi yenye jina lake, aghalabu Simba, Chui, Tomy au Popi, jinsia, rangi na jina la mwenye boma. Palipo na nafasi ya aina ya mbwa, ofisa huandika kienyeji, kisha humwita anayefuata.